Maswali na Majibu ya Bustani: Nyanya Zinalala Chini

Nina miche 24 ya Money Maker nyuma ya nyumba. Msimu uliopita niliuwekea kila mche kijiti cha mita moja. Kusi ilipoanza kuvuma vyote vikaanguka, nyanya zikaozea chini. Nifanyeje bila kununua nondo? (Msomaji, Pongwe, Tanga)

Money Maker ni nyanya ndefu. Haikomi kukua yenyewe, na ikitunzwa hukupita kimo, kwa hiyo kijiti cha mita moja kilishashindwa siku ulipokisimika. Tena huhitaji kijiti kwa kila mche. Panda mistari 2 ya miche 12, nusu mita kati ya mche na mche, mita moja kati ya mstari na mstari. Elekeza mistari kaskazini na kusini, upepo upite katikati badala ya kuipiga ubavuni.

Kila mstari unataka nguzo 2 za mwisho, mita 2.2 kila moja, na fito 5 za mita 2. Nguzo zifukie sentimita 60, fito 40. Ufito mmoja unakaa baada ya kila miche miwili. Kwa bustani nzima ni nguzo 4 na fito 10 tu. Simika wiki ileile unayohamishia miche. Ukichelewa, utakata mizizi.

Kwa nguzo, Tanga mna mlingoti wa mkonge. Mkonge ukishatoa maua hufa, na mlingoti wake mrefu hauna kazi tena shambani. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, chagua uliokauka wima. Usiupigilie misumari: ndani ni laini kama sponji na ganda hupasuka. Funga kwa kamba. Ardhini utakuhudumia msimu mmoja, ukibahatika miwili.

Nguzo za mwisho ndizo zinazoangusha kazi ya wengi. Kamba zote huzivuta kuelekea ndani, na kwenye mchanga hulala taratibu mpaka mstari mzima unalegea. Shindilia vipande vya matofali kuzunguka shina la nguzo. Kisha pigilia kigingi cha sentimita 50 nje ya mstari, karibu mita moja kutoka kwenye nguzo, kichwa chake kikiinamia nje, na ufunge kamba kutoka kichwa cha nguzo hadi kwenye kigingi.

Miche ikifika sentimita 30, anza kusuka. Funga kamba kwenye nguzo kwa kimo cha sentimita 25, ipitishe upande mmoja wa miche, izungushe mara moja kwenye kila ufito huku ukiivuta, hadi nguzo ya pili. Rudi nayo upande wa pili kwa kimo hichohicho. Miche sasa imebanwa katikati kama mshikaki. Usiipitishe kamba huku na huku kati ya mche na mche; itasugua mashina. Ongeza mzunguko kila sentimita 20, kabla vichwa havijainama. Mizunguko 7 inatosha. Mzunguko mmoja hula kama mita 16, kwa hiyo mistari yote miwili inataka karibu mita 225. Mche ukifika juu ya fito, kata ncha.

Nunua kamba ya katani. Kufungia nyanya kwa nailoni ukiwa Tanga ni kwenda Muheza na machungwa mfukoni, na nailoni nyembamba hukata mashina. Ifunge ikiwa kavu, maana katani ikiloa hujikaza.

Acha mashina 2 kwa kila mche: kuu, na chipukizi lililo chini kidogo ya kichala cha kwanza cha maua. Mengine yavunje kwa vidole yakiwa mafupi, asubuhi umande ukishakauka. Majani yanayogusa udongo yatoe pia, kwani mvua hurusha tope lenye ukungu juu yake.

Fito zangu zimechipua! Je, nitumie mikoko, ambayo mchwa hawaili ovyo? (Msomaji, Bagamoyo)

Mikoko hapana. Kuikata bila kibali ni kosa. Zilizochipua huenda ni mlonge au mgirisidia, miti inayopandwa kwa vijiti. Umepanda ua bila kukusudia, na mizizi yake itagombania maji na nyanya. Zing'oe, zibandue magamba, zianike mwezi mzima. Fito za mvinje au mirunda ya ujenzi iliyokwisha kazi ni bora zaidi. Kwa mchwa, unguza ncha inayoingia ardhini hadi iwe nyeusi juu juu. Ukiichoma mpaka ndani unaidhoofisha. Oili chafu ya gari isiingie kwenye tuta la chakula.

Na nyanya aina ya Cal J nayo inataka miti? (Msomaji, Chumbageni)

Ni fupi, hukoma kukua yenyewe. Fito za mita moja na mizunguko 2 au 3 zinatosha, na kiangazi hata matandazo mazito ya nyasi kavu yanaweza kufaa, mradi matunda yasiguse udongo. Ila usiivunje machipukizi ya pembeni: huko ndiko inakozalia.