Maswali ya Wasomaji: Uchumi Unakua, Dola Zimekwenda Wapi?

SWALI: Ethiopia imesifiwa miaka mingi kwa uchumi unaokua haraka. Ilikuwaje waagizaji wakangojea dola benki kwa miezi? Na hatua ya kuiacha birr, sarafu yake, ijipangie bei sokoni Julai 2024 imetibu nini?

JIBU: Kasi yenyewe ndiyo iliyokausha dola. Reli, mabwawa na viwanda hula mitambo, chuma na mafuta ya kutoka nje, na kahawa, maua na dhahabu hazikutosha kuvilipia. Pengo likazibwa kwa mikopo, hadi Desemba 2023 nchi iliposhindwa kulipa riba ya dola milioni 33 kwa hati fungani (mkopo uliokopwa kwa wawekezaji) ya dola bilioni 1.

Ila donda lenyewe lilikuwa bei ya dola: birr 57 hivi benki, zaidi ya 100 vichochoroni, kwenye soko la magendo. Chukua mfano wa mfanyabiashara anayenunua kahawa ya birr milioni 6.2 na kuiuza nje kwa dola 100,000. Kwa bei ya benki hizo ni milioni 5.7; amepoteza 500,000, wala hana wasiwasi. Tuseme ameruhusiwa kubaki na dola 20,000. Anaagizia matairi, na dukani matairi hupangiwa bei kwa dola ya kichochoroni, tuseme 110. Dola hizo, ambazo kwa bei ya benki ni birr milioni 1.14, zimerudi zikiwa milioni 2.2, na hasara ya kahawa imefidiwa. Kwake kahawa ni tiketi ya dola tu. Anayeumia ni muuzaji kahawa asiyeagiza kitu, maana hawezi kufikia bei anayotoa mwenzake akinunua.

Tarehe 29 Julai 2024 Benki Kuu ikaacha kupanga bei. Siku hiyohiyo dola ikafika birr 74 hivi, na wiki chache baadaye ikavuka 100. Marufuku ya kuagiza aina 38 za bidhaa, iliyowekwa Oktoba 2022, ikaondolewa, na Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.4 kwa miaka minne. Bei ya benki ilipoikaribia ya kichochoroni, ujanja wa matairi ukakosa faida.

Lakini mti mpya wa kahawa huchukua miaka mitatu au minne kuzaa, ilhali mafuta, mbolea na dawa hazisubiri kupanda bei. Deni lilelile la dola nalo, dola ilipovuka birr 100, lilidai birr karibu maradufu. Ruzuku ya muda hupoza makali. Ikidumu, na Benki Kuu ikachapisha noti kuigharamia, bei mbili za dola zinazaliwa upya. Tazameni tofauti ya bei ya benki na ya kichochoroni: ikianza kupanuka, foleni ya dola iko njiani.