Cheo cha Mhariri Hakifuti Saa za Ziada

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa mtangazaji kijana wa redio jijini Mwanza. Anasema tangu apewe cheo cha mhariri wa zamu anaingia kazini kabla ya taarifa ya habari ya asubuhi na kutoka baada ya ile ya usiku, na alipouliza malipo ya saa za ziada alijibiwa kwamba wahariri ni sehemu ya uongozi na kwa hiyo hawahusiki. Ujumbe huo ulinichoma, kwa sababu jibu hilohilo niliwahi kupewa mimi. Wengi wenu mnataka kukalia kiti cha mhariri, na mtakutana nalo.

Nilikuwa dawati la usiku la gazeti moja la kila siku, Dar es Salaam. Kwenye mkataba zamu ilianza saa nane mchana na kuisha saa tano usiku, lakini hakuna aliyeondoka saa tano, kwani habari iliyoingia mwishoni ilivunja ukurasa wa kwanza, na gazeti lisipochapwa kwa wakati mabasi ya mikoani huondoka alfajiri bila vifurushi vyake. Wakati wa kampeni na Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2020 tulirudishwa nyumbani na gari la ofisi karibu na adhana ya alfajiri, na mchana tukawa tena mezani. Tulipouliza malipo, tukaambiwa kwamba habari haina saa. Maneno hayo yananikera hadi leo, kwa sababu dereva aliyeturudisha alilipwa saa zake za ziada, na alistahili, ilhali sisi tuliomfanya akeshe hatukulipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikumbagua mwandishi wa habari. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika kipindi cha wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5, na sikukuu hulipwa mara mbili. Chukua mshahara wa msingi wa shilingi 585,000, ugawanye kwa 195, yaani saa za kawaida za mwezi, upate shilingi 3,000 kwa saa. Saa moja ya ziada ni shilingi 4,500. Zidisha kwa saa za kila usiku uliokesha, ndipo utaelewa kwa nini mwajiri hapendi hesabu hii ifanywe.

Kuhusu uongozi, kifungu cha 17 kinamwondoa kwenye kanuni za saa za ziada mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na anayeripoti moja kwa moja kwa kiongozi wa ngazi ya juu. Masharti hayo yote mawili lazima yatimie. Mimi nilihariri habari na kuandika vichwa. Sikuidhinisha likizo ya mtu, sikumwadhibu mtu, na niliripoti kwa mhariri wa habari, ambaye naye alikuwa na wakubwa wake. Cheo kilichoandikwa kwenye kitambulisho hakibadilishi kazi unayoifanya.

Tulipeleka mgogoro wetu Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Mwajiri alikuja na mwanasheria aliyesema hakuna kumbukumbu ya saa tulizofanya kazi. Kumbukumbu ilikuwepo: kila ukurasa uliotumwa kiwandani kwa barua pepe ulibeba saa yake, na nilikuwa nimehifadhi nakala kwa mpangilio wa tarehe. Msuluhishi alipoziona, mazungumzo yalibadilika. Tulisaini makubaliano palepale kwenye usuluhishi na tukalipwa sehemu, si zote, kwa sababu mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ndani ya siku 60, na miezi ya nyuma ilipingwa kwa hoja hiyo. Najivunia karatasi ile. Kinachoniuma ni wenzangu waliokesha nami na ambao hawakutaka majina yao yaandikwe kwenye fomu, kisha wakaacha kunisalimu kwenye ngazi.

Kwa hiyo, mdogo wangu wa Mwanza, andika saa zako. Andika saa ya kuingia na ya kutoka, kila siku, siku hiyohiyo. Dai lako lipeleke kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na mwajiri akikujibu kwa mdomo, mwandikie tena ukirejea alichosema. Siku 60 usizichezee. Sisi tunaoandika kila siku kuhusu wakulima waliopunjwa kwenye mizani hatuna haki ya kunyamaza tunapopunjwa wenyewe, kwani mwandishi asiyelipwa jasho lake ndiye anayepokea bahasha ya fedha kwenye mkutano wa waandishi, na mwenye bahasha ndiye anayeamua habari itaandikwaje.

Umeniuliza pia kuhusu mwenzako anayelipwa kwa kila habari na asiye na mkataba. Shauri lake ni gumu zaidi, lakini halijafungwa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa amemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, au kama anamtegemea huyo kwa riziki yake. Mwambie aanze na orodha ya habari zake zote zilizorushwa, na tarehe zake.