Kabla ya Kuvaa Njuga, Muulize Mwalimu Wako Alifundishwa na Nani

Kila nikiweka picha za mazoezi mtandaoni napata ujumbe wa namna moja: "Dada, natamani kujifunza ngoma za Kihindi, nianze na Bharatanatyam au Kathak?" Ya kwanza ni ngoma ya kusini mwa India, ya pili ni ya kaskazini. Wengine ni mabinti waliokua wakimtazama mwigizaji Madhuri Dixit kwenye filamu za Kihindi. Wengine ni wazazi wenye mtoto asiyetulia hata dakika moja, wanaotafuta pa kuielekeza nguvu yake. Wote nawajibu vilevile: usianze kwa kuchagua ngoma, anza kwa kumtafuta mwalimu. Ukishampata, muulize bila kuona haya: wewe ulifundishwa na nani, na huyo naye alifundishwa na nani?

Swali hili nililichukua Chennai, kusini mwa India, nilikokwenda kusoma chuo. Jioni nilikuwa nakwenda kwa mwalimu wa Bharatanatyam, mama wa makamo aliyefundishia nyumbani kwake. Kabla hajanionyesha hatua yoyote alinikalisha chini akanitajia waliomfundisha, kizazi kwa kizazi, kama mtu anayehesabu babu zake, mpaka akawafikia ndugu wanne wa Thanjavur, mji wa kusini hukohuko: Chinnayya, Ponnayya, Sivanandam na Vadivelu. Hawa walikuwa walimu na watunzi katika kasri la mfalme mwanzoni mwa karne ya 19, na ndio waliopanga mfuatano wa onyesho unaofuatwa hadi leo. Unaanza na alarippu, ngoma fupi ya kuuamsha mwili. Katikati inakuja varnam, ambayo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi na ndiyo inayompima mchezaji kwelikweli. Mwisho ni tillana, yenye kasi na furaha.

Mwalimu wa namna hiyo huitwa nattuvanar. Ukienda kwenye onyesho, usimtazame mchezaji peke yake. Mtafute mtu aliyeketi pembeni pamoja na wapiga ala, mwenye matoazi madogo mkononi, anayetamka silabi za mapigo kwa kasi ya ajabu. Huyo ndiye anayeiendesha ngoma yote. Darasani huwa na kijiti kinene na kigogo cha mbao mbele yake, na kila anapogonga, mguu wako unatakiwa utue hapohapo, wala si baadaye kidogo. "Tai ya tai, tai ya tai." Magoti yamekunjwa na kufunguliwa nje, visigino vimekaribiana, mgongo umenyooka. Hatua hiyohiyo inachezwa kwa mwendo wa kwanza, kisha mara mbili ya kasi, kisha mara nne. Kigogo cha mwalimu wangu kilikuwa kimebonyea katikati, pale kijiti kilipokuwa kikitua miaka nenda miaka rudi, na wanafunzi wake wa zamani wakija kumsalimia walikuwa wakikigusa kwanza ndipo waketi.

Sasa niwaeleze habari ya wanawake wawili ambao kila anayejifunza Bharatanatyam anapaswa kuwajua, kwa sababu wengi husimuliwa habari ya mmoja tu.

Wa kwanza ni Rukmini Devi Arundale. Alizaliwa Madurai mwaka 1904 katika ukoo wa Kibrahmini, tabaka la juu la Wahindu, akaolewa na Mwingereza George Arundale, mtu wa Jumuiya ya Theosofia, chama cha watu wanaotafuta hekima ya pamoja ya dini zote. Kwanza alivutiwa na baleti. Alikuwa rafiki wa Anna Pavlova, yule mchezaji mashuhuri wa baleti wa Kirusi, na Pavlova ndiye aliyemshauri atafute ngoma za nchini kwake mwenyewe. Akaipenda ngoma iliyoitwa sadir, jina la zamani la Bharatanatyam, akajifunza kwa Pandanallur Meenakshi Sundaram Pillai, na mwaka 1935 akapanda jukwaani mbele ya watu. Kwa binti wa Kibrahmini wa wakati ule, hilo lilikuwa jambo la kushtua mji. Mwaka uliofuata akaanzisha Kalakshetra, shule ambayo imetoa walimu waliotawanyika duniani kote. Mwaka 1977 waziri mkuu Morarji Desai alimtaka agombee urais wa India, naye akakataa.

Wa pili ni Balasaraswati, ambaye wapenzi wake humwita Bala tu. Alizaliwa mwaka 1918 katika ukoo wa wanamuziki na wachezaji. Bibi yake, Veena Dhanammal, alikuwa bingwa wa vina, ala ya nyuzi, na mama yake alikuwa mwimbaji. Mwalimu wake, Kandappa Pillai, alitokana na ukoo wa wale ndugu wanne wa Thanjavur, na alijulikana kwa ukali. Bala alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 1925 huko Kanchipuram, akiwa na miaka saba.

Ukoo wake ulikuwa wa devadasi, wanawake waliowekwa kwa ajili ya hekalu, ambao kwa karne nyingi ndio walioshika ngoma hii mikononi mwao. Wakati wa ukoloni walianza kutukanwa kuwa ni makahaba, kukawa na kampeni kali, na mwaka 1947 serikali ya jimbo la Madras ikapitisha sheria ya kupiga marufuku kuwaweka mabinti hekaluni. Wapo waliopigania sheria hiyo kwa nia njema kabisa, kuwalinda wasichana wadogo. Lakini katika miaka hiyohiyo ngoma iliyokuwa aibu ikichezwa na binti wa devadasi iligeuka heshima ilipochezwa na binti wa tabaka la juu. Wenyewe waliachwa nyuma. Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia mwalimu anawaambia watoto kwamba Rukmini Devi "aliisafisha" ngoma. Aliijengea shule, aliipatia jukwaa na heshima ya serikali, na kwa hayo anastahili shukrani kubwa. Uchafu wa kusafishwa haukuwamo.

Wawili hawa walipingana waziwazi kuhusu mapenzi. Rukmini Devi alitaka ibada itangulie, na nyimbo zenye mahaba ya wazi akaziweka kando. Bala alishikilia kwamba mapenzi ya mwanamke kwa mpenzi wake ndiyo njia yenyewe ya kumfikia Mungu, na kwamba ukiyaondoa umeing'oa ngoma mzizi. Binafsi nimefundishwa kwa mtindo wa Kalakshetra, wenye mistari iliyonyooka na viwiko visivyolegea, na mwili wangu unaushukuru. Katika ubishi huu, hata hivyo, mimi niko upande wa Bala.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba wote wawili walipita kwa mama mmoja. Mylapore Gowri Ammal alikuwa devadasi wa hekalu la Kapaleeshwarar, hapohapo Chennai. Bala alimwona akicheza tangu utotoni, ndiye aliyemtia hamu, na baadaye akajifunza kwake. Rukmini Devi naye alifundishwa naye, akamweka Kalakshetra afundishe uigizaji wa uso na mikono. Basi mkisikia wanafunzi wa pande mbili wanabishana ni ukoo upi ulio safi, watajieni jina la mama huyo.

Ushauri wangu kwa anayejifunza: mtafute Bala kwenye filamu fupi aliyopigwa na mwongozaji Satyajit Ray mwaka 1976. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60, mwili umejaa, amesimama ufukweni upepo unampeperusha sari. Anacheza wimbo wa Kikannada, lugha ya kusini mwa India, wa kumwita Krishna, mungu wa Kihindu anayeimbwa hapa kama mtoto, aje upesi. Maneno ni machache, yanarudiwa na kurudiwa, na kila yanaporudi anamwita kwa namna nyingine: kwa kubembeleza, kwa kununa, kwa kumwonyesha kitu, kwa kujifanya hamtaki tena. Miguu karibu haina kazi. Baada ya kuitazama, chukua mstari mmoja wa wimbo wowote unaoujua vizuri, hata wa taarabu, ukae mbele ya kioo uujibu kwa uso peke yake, kila mara kwa maana tofauti. Zoezi hilo litakufaa kuliko kukariri alama za mikono kwenye video.

Kwa wanaoelekea Kathak ya kaskazini, jina la kuanzia ni Birju Maharaj, bingwa wa ngoma hiyo, aliyefariki Januari 2022. Huenda tayari umeiona kazi yake bila kujua: ngoma ya Madhuri Dixit katika filamu ya Devdas ya mwaka 2002, pale Krishna anaposimuliwa akimchokoza mpenzi wake Radha, aliipanga yeye. Baba yake, Achhan Maharaj, alifariki mtoto akiwa na miaka tisa, na malezi ya ngoma yakaendelezwa na baba zake wadogo, Lachhu na Shambhu. Wazee wa ukoo huo walicheza Lucknow, mji wa kaskazini, katika kasri la Nawabu Wajid Ali Shah, mtawala Mwislamu aliyependa ngoma kupita kiasi mpaka Waingereza walipomwondoa mwaka 1856. Hadi leo Kathak ina kipande kinachoitwa salami, heshima ya kuwaamkia watu wa baraza.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Waislamu na Wakristo wenzangu wa kwetu huniuliza sana kuhusu dini. Nyimbo nyingi za ngoma hizi zinawasifu miungu ya Kihindu, na darasa la Bharatanatyam hufunguliwa kwa kuigusa ardhi na kuiomba radhi kwa kuikanyaga. Mimi ni Mwislamu. Nilikaa na mwalimu wangu tukazungumza mapema, nikamweleza lipi naliweza na lipi siliwezi, naye akanipangia vipande ipasavyo. Mwalimu anayejua kazi yake hataudhika ukimuuliza. Kila mmoja aamue kwa dhamiri yake, lakini mazungumzo hayo yafanyike mwanzoni, yasingoje wiki ya onyesho.

Ili uifaidi Kathak, jifunze kuhesabu mpaka 16. Mzunguko unaotumika zaidi, tintal, una mapigo 16, na pigo la kwanza ndilo nyumbani. Mchezaji na mpiga tabla, zile ngoma mbili ndogo za mkono, wanaweza kupotea mbali, wakajibizana, ukadhani wamesahau, kisha kifungu kimoja kikarudiwa mara tatu na kutua sawia kwenye pigo lile la kwanza. Hesabu kwa vidole ukiwa umekaa. Siku utakayotua pamoja nao utapiga kofi mwenyewe.

Wa mwisho nitakayemtaja ni Kelucharan Mohapatra wa Odissi, ngoma ya jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Alitoka Raghurajpur, kijiji cha wachoraji, akaanza kama gotipua, yaani mmoja wa wavulana wanaovishwa kike na kucheza nyimbo za ibada. Baadaye alikuwa mpiga ngoma mahiri, na mikono yake ndiyo iliyompa uwezo wa kupanga vipande vya Odissi ilipokuwa ikijengwa upya miaka ya 1950. Uzeeni, kipara kiking'aa, alipanda jukwaani akawa Radha, na watazamaji wakamwona Radha. Kwa hiyo ukimtafuta mwalimu, mpe kipaumbele anayeweza kupiga au kuimba anachokufundisha. Anayetegemea spika ya simu peke yake atakufikisha mahali, ila si mbali.

Mzazi, usikubali kuharakishwa kwenye arangetram, onyesho la kwanza rasmi la mwanafunzi peke yake. Mavazi, wapiga ala, ukumbi na chakula cha wageni vinakula fedha nyingi, na mtoto asiye tayari huumia magoti akisukumwa. Angalia sakafu pia: mbao ni salama kuliko saruji. Na heshima kwa guru, yaani mwalimu, isimzibe mtoto mdomo. Machi 2023 wanafunzi wa Kalakshetra yenyewe walifanya maandamano wakidai ulinzi dhidi ya udhalilishaji wa kingono. Kama jina kubwa kiasi hicho halikuwa kinga, basi darasa la mtaani kwako nalo liwe na mlango wazi, na mzazi aruhusiwe kukaa na kutazama siku yoyote.

Walioko Dar es Salaam waanzie kwenye kituo cha utamaduni cha ubalozi wa India. Kwa vijana wanaotaka kwenda mbali zaidi, serikali ya India hutoa ufadhili wa masomo kwa Waafrika kupitia baraza lake la uhusiano wa kitamaduni, ICCR, na ngoma na muziki ni miongoni mwa fani zinazokubaliwa. Ukijaliwa kufika Chennai, fika Desemba. Msimu wa muziki na ngoma huendelea mpaka Januari, kumbi zinajaa, na maonyesho mengi ya asubuhi na mchana hayana kiingilio. Kaa upande wa kulia au kushoto, popote utakapomwona vizuri yule mwenye matoazi.