Usitume salio la hiyo boti kabla hawajakuandikia masharti yao

Mkuu, habari ya begi na kamera iweke pembeni kwanza. Umesema una kadi ya Open Water (cheti cha kwanza cha kupiga mbizi), mbizi zako hazijafika 20, umeshatoa malipo ya awali ya boti ya kulala baharini inayokwenda visiwa vya Brothers kule Bahari ya Shamu, na wakala kakwambia "kadi inatosha, mengine utajifunzia hukohuko." Hapo ndipo damu iliponichemka. Maneno hayohayo niliuziwa mimi, na nikayalipia.

Haitoshi! Boti nyingi za njia hiyo zinataka mbizi 50 zilizoandikwa kwenye daftari, na nyingi zinataka na cheti cha Advanced, yaani ngazi inayofuata. Open Water mwisho wake ni kina cha mita 18. Brothers ni kuta za matumbawe zinazoporomoka wima hadi kusikoonekana, papa wanapita chini yako, na meli ya Numidia iliyozama mwaka 1901 imelalia mteremko unaozidi kushuka. Kila unachokwenda kukitazama kinakuita chini ya kina chako.

Kwenye safari yangu, siku ya kwanza kiongozi wa mbizi alikusanya kadi na madaftari ya abiria wote mezani. Langu alifunua kurasa chache, akakuta nyeupe, akarudi nyuma kidogo kama anayetafuta zilizochanwa. Hakufoka. Aliniuliza tu ni nani aliyeniuzia safari ile. Kuanzia hapo wenzangu wakivaa, mimi nabaki sitahani. Maji yakiwa tulivu ndiyo nashuka, tena na mtu pembeni yangu. Simlaumu hata kidogo, alifanya kazi yake. Wa kulaumiwa ni wakala. Mkataba ulisema abiria ndiye mwenye jukumu la kutimiza masharti, kwa hiyo hakuna pesa inayorudi, na ukurasa wenye masharti hayo hakunitumia. Nilipompigia akasema wateja wengine hawajawahi kulalamika. Mtu anachukua kamisheni ya kukupeleka kwenye mkondo ambao yeye mwenyewe hajawahi kuingia!

Na usidhani ni urasimu wa daftari. Mara nyingi huko huingii majini kwa ngazi. Mnapanda boti ndogo ya mpira, jaketi za kuelea hazina hewa kabisa, kiongozi anahesabu, mnajiangusha kinyumenyume wote kwa pamoja na kushuka papo hapo. Ukisema uelee juu kidogo urekebishe miwani, mkondo umeshakutenga na kundi. Kama masikio yako bado yanataka kubembelezwa yazoee shinikizo kwenye mita za mwanzo, kundi utalikosa kabla halijafika ukutani.

Halafu hewa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa bar 200 (bar ni kipimo cha shinikizo) una lita 2400. Toa bar 50 za akiba, zinabaki lita 1800. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, akiwa mita 30 anatumia 80, kwa sababu shinikizo huko ni mara nne. Hizo ni dakika 22 hivi, na hapo sijahesabu kupanda wala kuhangaika. Mgeni akipambana na mkondo anavuta zaidi ya hapo, na hewa yake ikiisha mapema, mwenzake naye inabidi akatishe mbizi.

Kinachowashinda wengi zaidi ni mwisho wa mbizi. Ukuta umeuacha, chini ni buluu tupu, kamba ya kushika hakuna. Unatakiwa ukae mita 5 kwa dakika 3 huku unatoa boya la kuashiria, unalijaza hewa na kuliachia lipande bila uzi kukunasa. Nimejaribu kwenye yale maji tulivu niliyoruhusiwa: macho yakiwa kwenye uzi, kompyuta ya mkononi ikasoma 4, 3, ikaanza kulia, na kiongozi akanivuta mguu kunirudisha chini. Kwenye mawimbi na boti nyingine zikipita juu, kosa hilo ni hatari ya kweli.

Kwa hiyo leo hii andikia boti yenyewe, siyo wakala. Uliza mbizi za chini kabisa ni ngapi, cheti kipi, kina gani, mnaingiaje majini, na ukifika hujatimiza masharti pesa yako inakuwaje. Jibu liwe la maandishi. Simu usikubali, maana simu haina ushahidi. Wakikwambia hutoshi, omba wakusogeze tarehe au wakuhamishie njia nyepesi, kisha piga mbizi za kutosha kwenye mkondo mdogo, na boya ulitoe kila mbizi mpaka mikono ifanye yenyewe. Njia ya kaskazini nayo uliza vilevile: meli ya Thistlegorm, iliyozamishwa mwaka 1941, imekaa kwenye mchanga wa mita 30 hivi na mkondo wake unajulikana.

Dawa ya kichefuchefu unakunywa kabla boti haijang'oa nanga. Ukishaanza kutapika umechelewa. Kozi ya naitroksi (hewa ya mtungi yenye oksijeni zaidi na naitrojeni kidogo) ifanye kabla ya safari, mbizi tatu nne kwa siku zinaujaza mwili naitrojeni. Ndege ya kurudi iwe angalau saa 18 baada ya mbizi ya mwisho. Bima ihakikishe inalipia matibabu ya chemba ya shinikizo. Kamera sina la kusema, safari ya kwanza iache.

Boti wakikujibu, bandika jibu lao hapa tulisome pamoja kabla hujatuma hata senti.