Kadi ya kura ninayo, mbona naambiwa nijiandikishe tena?

Majibu haya ya barua zenu niliyaandika Oktoba 2024, kujiandikisha kukiwa bado kunaendelea, kwa iyo kila nikisema mwaka huu ni 2024. Jamani meseji zenu za wiki hii zimejaa, na karibu zote zinauliza uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024. Kwa iyo maswali ya ndoa na ya madeni naomba yasubiri toleo lijalo, msininunie, maana kujiandikisha kumeanza Ijumaa tarehe 11 na kunafungwa Jumapili tarehe 20 mwezi huu wa kumi na ikishafungwa ndo imefungwa.

Shikamoo dada. Nakaa Nkuhungu hapa Dodoma, kadi ya mpiga kura ninayo tangu 2020, picha yangu ipo na kila kitu. Sasa kuna watu wanapita mtaani wanasema twende tukajiandikishe. Mume wangu anasema ni usumbufu, kadi si ipo? Naomba unieleweshe.

Marahaba mdogo wangu. Hili ndo swali nimelipata mara nyingi kuliko yote, na naogopa kuna watu watafika kituoni mwezi wa kumi na moja wameshika kadi mkononi na jina halipo.

Iko hivi. Kadi uliyonayo ni ya Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, lile la Tume ya Uchaguzi, na kazi yake ni uchaguzi mkuu wa rais, mbunge na diwani, ule wa 2025. Huu wa mwaka huu unasimamiwa na TAMISEMI, yani ofisi ya serikali inayoshughulikia mikoa na serikali za mitaa, unachagua mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati ya mtaa, na kule vijijini mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji na wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na una orodha yake yenyewe inayoandikwa upya hapo hapo mtaani kwako. Hayo madaftari mawili hayasomani. Na kilichotuchanganya zaidi mwaka huu ni kwamba Tume nayo inaboresha daftari lake, ilianzia Kigoma mwezi wa saba na inazunguka mikoani, kwa iyo mtu anasikia kujiandikisha huku na kujiandikisha kule anaona ni kitu kile kile.

Ukienda hakuna mashine wala picha wala kadi mpya unayopewa. Unataja jina, umri, unapokaa, unasaini au unaweka dole gumba basi, dakika zenyewe hazifiki tano kama hakuna foleni. Vituo viko wazi saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Mwambie shemeji mwende wote Jumamosi mkitoka sokoni. Alafu baada ya tarehe 20 orodha inabandikwa, rudi ukaangalie jina lako kwa macho yako, maana herufi moja ikikosewa ni bora uikute sasa hivi kuliko siku ya kupiga kura.

Dada mi ni boda hapa Chang'ombe. Sema ukweli, mwenyekiti wa mtaa hana mshahara, hana gari, hana bajeti, barabara yetu ikiharibika na yeye anasubiri jiji kama mimi. Rais ntampigia, mbunge ntampigia, ila huyu wa mtaa naona napoteza hela ya siku.

Mdogo wangu nakuelewa, hela ya siku ni hela ya siku, na ni kweli mshahara hana. Ila ebu tukumbushane. Siku mwenzenu wa kijiweni alipokamatwa na pikipiki mkataka kumwekea dhamana, mlianzia wapi? Kwa mwenyekiti au mtendaji, barua ya utambulisho na mhuri. Ukifungua akaunti, ukihangaikia kitambulisho cha taifa, mdogo wako akiomba mkopo wa chuo, barua inatoka pale pale. Ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, yani 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, kikundi chenu kitaulizwa mtaani kama mnajulikana na kama mnaishi kweli hapo. Bibi yako akitaka kuingia kwenye orodha ya TASAF, ule mfuko wa kusaidia kaya maskini, jina linajadiliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa, halijadiliwi bungeni. Mbunge unaweza ukamaliza miaka mitano hujamgusa mkono, mwenyekiti utamhitaji kabla mwezi haujaisha.

Na ardhi. Hapa Dodoma tangu serikali ihamie kwa kasi na mji ukawa jiji 2018, kila kipande cha ardhi kina mtu anakitolea macho, na mauziano mengi ya pembezoni yanapita mezani kwa mwenyekiti na shahidi wake ni mhuri. Nikwambie kilichonikuta mimi. Kule nilikokuwa nakaa zamani, mtaa sitautaja, kulikuwa na uwanja wa wazi watoto wanachezea mpira jioni na kina mama tunaanika mahindi. Jumapili ya uchaguzi wa 2019 nilikaa ndani nikafua nguo, nilijiambia kama wewe tu, mwenyekiti ana nini. Mwaka wa pili tukaamka tukakuta tofali zimemwagwa uwanjani. Tukaenda kuuliza tukaonyeshwa muhtasari wa mkutano wa mtaa kwamba wananchi tumeridhia eneo lipewe mtu, na mahudhurio na sahihi, na nikaliona jina langu limeandikwa pale, sahihi si yangu, mkutano wenyewe sikuwahi kuusikia. Tulilalamika, tukaandika barua, tukazungushwa, leo pale kuna fremu za maduka na watoto wanacheza barabarani. Najua kura yangu moja pengine isingemzuia yule mwenyekiti kuingia, ila sikuipiga, na ile kitu bado inaniuma mpaka leo nikipita ile njia.

Na hesabu ya mtaa si kama ya rais. Kwa rais kura zinahesabiwa kwa mamilioni, mtaani zinahesabiwa kwa mamia, mahali pengine hata hazifiki. Kijiwe chenu kina watu wangapi, ishirini, thelathini? Mkijiandikisha wote mkaenda wote, hakuna mgombea atakayepita hapo asisimamishe miguu kuwasalimia na kuwasikiliza kuhusu maegesho yenu.

Mimi mwaka 2019 nilijiandikisha vizuri tu, siku ya kura naambiwa mwenyekiti kapita bila kupingwa, hakuna kupiga. Nimekata tamaa, ntajiandikisha ili iweje? Msomaji, Miyuji.

Ndugu yangu wa Miyuji siwezi kukwambia umekosea kuumia. Mwaka ule wagombea wengi walienguliwa kwenye fomu, vyama kadhaa vya upinzani vikajitoa kabla ya siku, na sehemu nyingi sana watu wakaamka wanaambiwa imeshaisha. Mtu aliyepanga foleni ya kujiandikisha alafu akanyimwa hata karatasi ya kura ana haki ya kuuliza unalouliza.

Ninachokuomba uangalie ni hiki. Kanuni za mwaka huu zinasema pakibaki na mgombea mmoja bado anapigiwa kura, ndiyo au hapana, hakuna tena kupita bila kupingwa. Kwa iyo hata akibaki peke yake jina lako kwenye orodha lina kazi, unaingia kwenye kituturi unamwambia ndiyo au unamwambia hapana, na lile hapana linahesabiwa na linasomwa mbele ya watu. Nani kaenguliwa na kwa nini, hilo nalo lifuatilie, fomu zinachukuliwa mwishoni mwa mwezi huu, ukiwa na mgombea wako muulize amejaza sawa, kakata rufaa kwa wakati, maana makosa ya fomu ndo yaliwaangusha wengi. Sikuahidi kwamba kila kitu kitanyooka. Ila asiyejiandikisha hata akidhulumiwa hana pa kuanzia kudai.

Naishi Kigwe, ila msimu wa kilimo nahamia majaruba yangu ya mpunga kijiji kingine hapa hapa Bahi, nakaa huko hadi kuvuna. Nijiandikishe wapi?

Kule unakoishi siku zote, penye nyumba na familia na watu wanaokujua, yani Kigwe. Usijiandikishe sehemu mbili hata kama karani hakujui, hilo ni kosa kisheria. Najua mwisho wa Novemba ndo watu wanaberega, yani wanasafisha mashamba, wanasubiri mvua za kwanza, basi panga tu siku hiyo moja, tarehe 27 ni Jumatano, kupiga kura ni saa 2 asubuhi mpaka saa 10 jioni, ukidamka na baiskeli unapiga na jioni umerudi shamba.

Na sisi wanachuo wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, je? Nyumbani ni Mbeya.

Swali la kujiuliza ni moja, tarehe 27 mwezi wa kumi na moja utakuwa umelala wapi? Kama ni chuo au geto lako la Ng'ong'ona, jiandikishe mtaa huo huo. Mwenyekiti wa Mbeya hatakusaidia mwenye nyumba akikutupia vyombo nje usiku.

Dada habari. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mahindi Kibaigwa, nina miaka 34. Wenzangu wananisukuma nigombee uenyekiti wa kitongoji. Mabalozi wa chama wananiambia mwanamke nisubiri zile nafasi za wanawake za ujumbe, uenyekiti ni wa wanaume. Ni kweli?

Si kweli mama, na nashukuru umeandika kabla hujarudi nyuma. Nafasi zote ziko wazi kwa mwanamke na mwanaume, uenyekiti wa kitongoji, wa kijiji, wa mtaa, ujumbe, zote. Zile nafasi za wanawake kwenye halmashauri ya kijiji zimewekwa kuhakikisha mpo, hazikuwekwa kuwa ukuta msivuke. Unatakiwa uwe raia, umri usiopungua miaka 21, mkazi wa hapo, unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, una kipato halali cha kukutunza, na uwe mwanachama wa chama na chama kikudhamini. Hapo kwenye chama ndo pagumu, kwa sababu sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, kwa iyo lazima upite kwanza kwa wenzako wa chama, na kampeni zenyewe ni siku saba tu, tarehe 20 hadi 26 Novemba.

Na huyo balozi anayekwambia subiri, kumbuka balozi wa nyumba kumi ni kiongozi wa chama, siyo wa serikali ya kitongoji. Maoni yake ni maoni. Wewe ambaye kila siku unapima magunia, unajua nani anadaiwa na nani kapunjwa, unasuluhisha ugomvi wa ushuru sokoni kabla haujafika polisi, kazi ya uenyekiti umeshaianza zamani, bado mhuri tu. Jioni hii waite hao waliokusukuma, waambie kila mmoja kwanza akajiandikishe, wengi wanaosukuma wenzao kugombea wenyewe hawamo kwenye orodha.

Mama yangu yuko Mpwapwa, ana zaidi ya miaka 70, macho yamefifia na hajui kusoma. Anasema mzee kama yeye kura ya nini, wapige vijana. Mimi natamani apige ila sijui inawezekanaje na sitaki nimlazimishe.

Usimlazimishe, ila muulize kitu kimoja. Muulize shamba lake mpaka wake unajulikana na nani. Kijijini ardhi inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, wajumbe 15 mpaka 25, na kabla haijagawa eneo kwa mtu lazima ilipeleke kwenye mkutano mkuu wa kijiji ukubali, na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, mama yako akiwemo, na unatakiwa kukaa kila miezi mitatu na kusomewa mapato na matumizi. Wazee ndo wanakumbuka mpaka ulipita kwenye mbuyu gani na njia ya ng'ombe ilikuwa wapi. Wajumbe wakiwa watu wa kuuza uza, wa kwanza kusogezewa mpaka ni mjane mzee asiyeona vizuri.

Kuhusu namna, inawezekana kabisa. Kujiandikisha ataweka dole gumba. Siku ya kura aende na mtu anayemwamini, wewe au mjukuu, amsaidie kuweka alama ya vema pale atakapotaja yeye mwenyewe, na mkifika kituoni omba asikalishwe foleni, mzee na mjamzito na mgonjwa hupishwa mbele. Mpe na kitambulisho chochote alichonacho akibebe. Ila kama ni wewe utamsaidia basi weka alama pale aliposema mama, hata kama roho yako iko kwa mwingine, na ukitoka nje usimwambie hata dada yako alimchagua nani.

Na Rais Samia mwenyewe Ijumaa ile ya tarehe 11 alijiandikisha Chamwino, kwenye kitongoji cha Sokoine, kwenye orodha ya kitongoji kama mkazi mwingine yeyote wa pale. Mwambie mama hiyo. Alafu Jumapili mkitoka kanisani mpitishe kituoni, mwandikishaji anakaa mpaka saa 12 jioni.