Wiski za wakongwe wa hoki wa Kanada: onja kwanza, jina lifuate

Chupa yenye jina la mchezaji maarufu huuzwa na jina kabla ya kuuzwa na kilichomo ndani. Ndiyo maana wapenzi wengi wa wiski huipita dukani bila hata kuigeuza wasome nyuma. Kwa wiski za Kanada zilizotengenezwa pamoja na wachezaji wa hoki waliostaafu, nakushauri usizipite. Zimetengenezwa kwa makini kuliko watu wanavyodhani, si za bei ya kutisha, na ukiziweka mbili tatu mezani kwa mpangilio mzuri zitakufundisha wiski ya Kanada ilivyo. Ila zina masharti yake: pua na ulimi vitangulie, jina lije mwisho.

Nasema hivi nikiwa Ontario, jimbo la Kanada, ambako hoki ya barafuni ni habari ya kila nyumba kuanzia Oktoba hadi kombe litolewe mwezi Juni. Huwezi kufanya kazi na watu wa huku ukakwepa mazungumzo hayo. Na mtu mzima wa huku akitaka kukukaribisha, mara nyingi atakutolea wiski.

Utakazokutana nazo zaidi ni za nyumba mbili. Ya kwanza ni J.P. Wiser's, jina lililoanza mwaka 1857 mjini Prescott, Ontario. Siku hizi wiski yake hutengenezwa Windsor, kwenye kiwanda cha Hiram Walker kilicho ukingoni mwa mto, Detroit ikiwa ng'ambo. Mwaka 2018 J.P. Wiser's walishirikiana na chama cha wachezaji wa zamani wa NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, wakatoa chupa tatu za kwanza, kila moja na mtu wake: Guy Lafleur wa Montreal, Wendel Clark wa Toronto na Lanny McDonald wa Calgary. Baadaye wakafuata wengine. Sehemu ya mapato iliwekwa kwa ajili ya wachezaji hao wa zamani, jambo ninaloliheshimu, kwa sababu wengi waliocheza miaka ya zamani hawakulipwa fedha zinazolipwa leo, na magoti na mabega yao yanawadai hadi sasa.

Ya pili ni ya Wayne Gretzky. Yeye alianza na mvinyo, kisha mwaka 2017 kikafunguliwa kiwanda chake cha pombe kali huko Niagara-on-the-Lake, katikati ya mashamba ya zabibu. Wiski yake inayojulikana zaidi, No. 99 Red Cask, humalizia kukomaa ndani ya mapipa yaliyowahi kuhifadhi mvinyo mwekundu. Namba 99 ndiyo aliyoivaa maisha yake yote ya NHL, na alipostaafu mwaka 1999 ligi nzima iliamua hakuna timu itakayompa mchezaji mwingine jezi hiyo.

Kabla ya kumimina, elewa jambo moja kuhusu utengenezaji, maana bila hilo utakuwa unakisia tu. Sheria ya Kanada inataka wiski ipikwe na ikomae humohumo nchini, ndani ya mapipa ya mbao yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka mitatu, na iingie chupani ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Hayo yote hayashangazi. Kinachoitofautisha ni mpangilio wa kazi. Marekani, kwenye bourbon, nafaka huchanganywa mwanzoni, zikachachushwa na kupikwa pamoja. Kanada viwanda vingi hupika mahindi peke yake, rai (rye, nafaka inayofanana na ngano) peke yake, ngano peke yake, shayiri peke yake, kila moja ikawekwa kwenye pipa lake, na mchanganyaji mkuu huziunganisha baada ya miaka. Ni kama mpishi anayekaanga kila kiungo kwenye sufuria yake, ndipo aamue kiasi gani cha kipi kiingie chunguni.

Hapo ndipo ushirikiano na mchezaji unapopata maana. Mchanganyaji mwenye maelfu ya mapipa tofauti anaweza kweli kuongeza rai kwa mtu anayependa ukali, au kuegemea mahindi kwa anayependa ulaini, bila kusubiri miaka kumi mingine. Kwa hiyo mtu akikwambia hizi ni wiski zilezile zilizobadilishwa karatasi, mwambie aweke ya Clark na ya Gretzky pamoja, anywe, ndipo arudie maneno yake.

Jihadhari pia na lebo. Wakanada wengi huita wiski yao yote rai, hata ile ambayo karibu yote ni mahindi, na sheria inaruhusu. Hivyo neno hilo kwenye chupa halikuhakikishii kitu. Ukitaka kujua kama rai ipo ya kutosha, uliza pua yako: pilipili manga, karafuu, mkate mweusi, na ukavu fulani unaobaki kwenye ufizi baada ya kumeza.

Sasa tuje mezani. Siku ya kuonja usifukize udi nyumbani na usijipake manukato. Kahawa na chakula chenye pilipili viache mpaka baadaye. Tafuta glasi ndogo zenye tumbo pana na mdomo uliobana. Ukikosa, glasi za mvinyo zinatosha. Glasi nene za baa zinafaa kunywea, kwa kunusa hazikusaidii, harufu yote inapotea hewani. Mtu mwingine amimine ukiwa chumba cha pili, abandike namba chini ya kila glasi, chupa azifiche. Mililita 15 kwa kila glasi zinatosha kabisa. Huku Kanada kinywaji kimoja cha kipimo ni mililita 43 za pombe kali ya asilimia 40, kwa hiyo glasi tatu za namna hiyo ni kama kinywaji kimoja tu. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona watu wakiita kuonja kile ambacho ni kulewa.

Kunusa kuna adabu yake. Usitumbukize pua kama unavuta mvuke wa mwarobaini; shika glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, uisogeze juu taratibu mpaka harufu ikufikie. Mara ya kwanza utapata ukali wa kilevi tu. Subiri, rudia. Funda la kwanza ni la kuuzoesha mdomo, usilihukumu. Funda la pili lizungushe ulimini, umeze, kisha utulie uone kinachobaki na kinakaa muda gani. Baada ya hapo dondosha matone mawili matatu ya maji ya kawaida. Barafu iache kwanza, ubaridi unafunga harufu. Ukishamaliza kuonja, weka barafu upendavyo.

Na andika. Andika kwa majina ya harufu unazozijua wewe, usiazime za kwenye vitabu vya Wakanada. Wao wataandika sharubati ya mti wa mepo (maple) na matunda ya msituni ambayo hujawahi kuyala. Mimi kwenye wiski ya Clark huandika karafuu iliyokaangwa kidogo, tangawizi kavu, na harufu ya mbao mpya kwenye karakana ya seremala, ikifuatiwa na sukari guru. Funda likishuka, pilipili manga inabaki pembeni mwa ulimi. Ya Gretzky huanza na zabibu kavu na ubani wa matunda mekundu, halafu kuna uchachu mdogo wa mvinyo unaokuja katikati, kabla utamu haujarudi. Ya Lafleur kwangu ni laini kupita zote: vanila, karameli, mkate wa sinia wenye hiliki. Huwa naiweka glasi ya kwanza. Ukianza na yenye rai nyingi, laini ikifuata utaiona maji.

Mechi ya kuzikutanisha, ukiniuliza, ni ya Clark na Gretzky, na sababu yake ni mwaka 1993. Toronto Maple Leafs, wasiochukua kombe tangu 1967, walifika nusu fainali dhidi ya Los Angeles Kings ya Gretzky, wakiongoza michezo mitatu kwa miwili. Mchezo wa sita Clark, mtoto wa Kelvington kule Saskatchewan, nchi ya ngano, alifunga mabao matatu, la tatu likiwa la kusawazisha zikiwa zimebaki dakika chache sana. Kwenye muda wa nyongeza fimbo ya Gretzky ikampiga Doug Gilmour wa Toronto kidevuni, damu ikatoka, mwamuzi hakuita kosa. Muda mfupi baadaye Gretzky akafunga, Kings wakashinda. Mchezo wa saba, Toronto nyumbani, Gretzky akafunga matatu na Kings wakapita 5 kwa 4. Fainali wakafungwa na Montreal.

Niliwahi kuonja chupa hizo mbili na mzee mmoja niliyefanya naye kazi, shabiki wa Leafs tangu utoto. Tulizifunika kama nilivyoeleza. Alinusa kwa subira, akaandika, akaipa glasi namba mbili alama ya juu: matunda, alisema, na inashuka vizuri. Chupa zilipofunuliwa ikawa namba mbili ni ya Gretzky. Alikaa kimya, akanionyesha kwa kidole kwenye kidevu chake mwenyewe mahali fimbo ilipompiga Gilmour, akanisimulia mchezo wote wa sita bila kuruka chochote. Kisha akaonja tena zote mbili, na safari hii ile ya Gretzky akaiona imezidi utamu. Wiski ilikuwa ileile, kwenye glasi ileile. Hakuwa anaongopa, ulimi wake ulikuwa umebadilika kweli. Tangu hapo kila ninayeonja naye namwomba aandike alama kwa wino kabla ya kufunua, asifute.

Lakini nisieleweke vibaya, sisemi jina halina kazi. Jina ndilo lililomfungua mzee yule. Ukiwa mgeni nchi ya watu, unaweza kukaa miaka mingi mkisalimiana na majirani kuhusu theluji tu. Mwekee Mkanada wa umri fulani chupa ya Lafleur, hasa tangu alipofariki Aprili 2022, utasikia habari za Thurso alikozaliwa, za nywele zikipepea bila kofia ngumu, za misimu sita mfululizo ya mabao hamsini au zaidi. Mwekee mtu wa Calgary ya McDonald, ataanza na masharubu yake na kumaliza na 1989, alipofunga bao kwenye mchezo wa mwisho Montreal, akanyanyua kombe lake la pekee na kustaafu. Alama ziwe zimeshaandikwa, kisha acha watu wazungumze hadi usiku.

Kuhusu kununua: Ontario nenda LCBO, Quebec ni SAQ, yote maduka ya serikali, Alberta ni maduka ya watu binafsi, ambayo mara nyingi huwa na chupa zilizokwisha kwingineko. Umri wa kununua ni miaka 19 Ontario, 18 Quebec na Alberta. Chupa za mfululizo wa Wiser's hazikai rafuni wakati wote. Ukiambiwa na mtu wa pembeni kuwa ni adimu na bei yake ni mara tatu, achana naye. Ni wiski nzuri za kunywa, hazikutengenezwa ziwekwe kabatini, na kwa fedha hizo utapata wiski ya Kanada iliyokaa pipani miaka mingi zaidi. Ya Gretzky ni rahisi kuipata, na ukiwa na siku ya mapumziko nenda kwenye kiwanda chenyewe Niagara uonje hapohapo. Nenda na mtu asiyekunywa ashike usukani. Ontario leseni yako husimamishwa kilevi kikianzia asilimia 0.05 kwenye damu, na dereva aliye chini ya miaka 22 haruhusiwi hata tone.

Kama hunywi, kwa dini au kwa afya, sina neno la kukushawishi, na usikubali mwenyeji yeyote akushawishi. Kaa mezani, nusa ukitaka, sikiliza hadithi. Kwa anayekunywa, ushauri wa afya uliotolewa Kanada mwaka 2023 unasema hatari hubaki ndogo ukiishia kinywaji kimoja au viwili kwa wiki. Ni kiasi kidogo kuliko wengi tunavyopenda kusikia, na ndiyo sababu nyingine ya kumimina kidogo na kuonja kwa makini.

Chupa ukishaifungua isimamishe wima, mbali na jua la dirishani, maana kilevi kikali hula kizibo kikilazwa. Ikiwa imejaa itakaa miezi mingi bila kubadilika. Ikifika robo, hewa iliyomo huanza kufifisha harufu, na ile yenye mvinyo mwekundu ndiyo ninayoiona inafifia mapema. Ihamishie kwenye chupa ndogo safi yenye kizibo kinachobana, au waite wenzako mwishoni mwa wiki muimalize.