Magunia Kwanza, Mizani Baadaye

Wiki hii walioandika karibu wote ni vijana wanaotengeneza draiva za Linux (programu za kuendesha vifaa) kwa vifaa vyao wenyewe, na karibu wote wamekwama mahali pamoja: kuomba memori huku wameshika kufuli, ile kinga inayoruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati.

Shikamoo fundi. Draiva yangu ya mizani ya samaki inaita kmalloc, yaani inaomba memori, kwa GFP_KERNEL ikiwa ndani ya spinloku. Mwezi wa tatu huu, haijasumbua. Kuna ubaya? (Nyegezi)

Marahaba. Ubaya upo, haujakufikia tu. Kwa GFP_KERNEL umeiambia kerneli, kiini cha Linux: nafasi ikikosekana, nilaze nisubiri. Memori ikiwa tele hulazwi, ndiyo maana huoni kitu. Siku ikibana, kerneli inaanza kutafuta kurasa (vipande vya memori) za kuachia, nawe unalala na spinloku mkononi. Anayeitaka kwenye CPU nyingine halali. Anazunguka palepale mlangoni, CPU nzima imeshikwa bure. Akipangwa kwenye CPU uliyoiacha ndiyo kabisa, mashine inaweza kuganda.

Nenda Mwaloni pale Kirumba, wenye dagaa wakiwa kwenye foleni ya kupima. Mtu akamate mizani, halafu akumbuke hana magunia, aende kuyatafuta mjini huku mizani ameifunga. Sidhani kama atarudi akute salamu. Kwenye msimbo ni vilevile: omba memori kwanza, nje ya kufuli, kwa hiyohiyo GFP_KERNEL. Ukipewa NULL, yaani umekosa, rudisha kosa uondoke. Ukipata, shika spinloku, unganisha kipande chako kwenye orodha, achia. Jambo moja husahaulika: ukishashika kufuli, kagua hali upya, maana ulipokuwa unaomba, mwenzako anaweza kuwa ameshaingiza kitu kilekile. Akiwa amekutangulia, achia kufuli, kisha rudisha memori yako kwa kfree.

Si niweke tu GFP_ATOMIC yaishe? (Igoma)

Wengi wanaimeza kama panadol. Ni kweli hailali, na inaruhusiwa kuchota kwenye akiba ya dharura. Lakini akiba hiyo ni ndogo, na kwa kuwa GFP_ATOMIC haiwezi kusubiri, inakosa mapema kuliko GFP_KERNEL. Usipokagua NULL, umebadilisha ugonjwa tu. Ukiwa ndani ya kishughulikia-interapti (msimbo unaoitwa kifaa kinapoikatiza CPU) huna mahali pa kulala, itumie bila aibu. Ukiwa na nafasi ya kuomba kabla ya kufuli, waachie akiba wasio na njia nyingine.

Mimi natumia myuteksi, siyo spinloku. Nimepona? (Nansio, Ukerewe)

Kwa sehemu. Myuteksi ni kufuli ambalo anayelisubiri hulala. Ukiwa umeishika unaruhusiwa kulala, kwa hiyo GFP_KERNEL kwa kawaida haina neno. Mtego uko kwenye draiva za diski, na ulinikamata mwenyewe. Nilikuwa na myuteksi moja iliyolinda mipangilio ya kifaa na pia uandishi wa data. Nikaomba memori nikiwa nimeishika. Memori ikabana, kerneli ikaamua kuandika kurasa chafu (zenye data ambayo bado haijafika diskini) diskini ili ipate nafasi, na diski yenyewe ilikuwa ile yangu. Uandishi ukasubiri myuteksi, nami ninayeishika nikasubiri uandishi. Nililala ofisini siku hiyo.

Dawa ni GFP_NOIO, au uzungushie sehemu hiyo memalloc_noio_save na memalloc_noio_restore. Wa mifumo ya mafaili wana GFP_NOFS. Angalia sana: hizi zinazuia kerneli kurudi diskini au kwenye mfumo wa mafaili ikitafuta nafasi, hazizuii kulala. GFP_NOIO ndani ya spinloku ni kosa lilelile la kijana wa Nyegezi.

Na kuachia memori ndani ya spinloku? (Buhongwa)

kfree haina shida. vfree, ya kuachia memori iliyoombwa kwa vmalloc, usiiite humo, inaweza kulala.

Nitajuaje kabla mteja hajanipigia? (Kirumba)

Jenga kerneli ya majaribio yenye CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP. Ukiomba kwa GFP_KERNEL ndani ya spinloku, onyo linaloanza na BUG linatokea kwenye dmesg (ujumbe wa kerneli) hata kama memori ipo tele na hukulazwa. Ongeza CONFIG_PROVE_LOCKING ikusomee mpangilio wa makufuli, na CONFIG_FAILSLAB ukitaka maombi yako yakataliwe makusudi, uone ile njia ya NULL inakwenda wapi. Kerneli hiyo itakuwa nzito, kwa hiyo ibaki mezani kwako. Mizani ya mteja iwekee ya kawaida.